Mungu alitutangulia Fizi na Baraka

Katika mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walipita kwa mitumbwi katika ziwa Tanganika wakielekea Uvira. Waliona milima ya Ubwari imesimama kati ya maji, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Sivyo. Ubwari ni rasi. Kwa upande wa kusini imeshikamana na inchi kavu, na Wabwari wanatoka kwao kwa miguu hata kwa Wabembe. Ghuba iliyo mbele ya Baraka inaitwa hata leo, katika ramani nyingi, kwa jina la Burton. Yeye aliyekosea juu ya inchi ile ameachia jina lake. Wenyeji waliojua ukweli hawakuandikwa.

Ndugu wasomaji, neno hili ni dogo, lakini linatufaa sisi mapadri, waseminari na wakatekista. Mwenye kupita katika mtumbwi anaona vile mtumbwi unavyomwonyesha. Sisi tunatumwa kwa watu. Tunafundishwa kwamba kazi yetu ni kumpeleka Mungu kwao, na fundisho hili ni la kweli. Lakini lina hatari yake. Padri anayefikiri kwamba anamchukua Mungu katika sanduku pamoja na kalisi na vitabu, atafika mahali na kufikiri kwamba pale ni patupu. Atafundisha, atajenga, atagawa nguo na dawa, na pengine ataondoka bila kumwona yule Bwana aliyemtuma, ambaye alikuwa akimngojea pale pale katikati ya watu.

Tutazame basi historia ya Fizi na Baraka. Inchi ile imeona wengi waliokuja kuitumikia, na kila mmoja anatufundisha kitu.

I. Masanze na Kibanga

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika ziwa Tanganika mwaka 1879. Mwaka 1880 walianza misioni huko Masanze, kandokando ya ghuba ya Burton. Mwaka 1883 walianza nyingine Kibanga, karibu na Ubwari. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa imeharibu kando zote za ziwa. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa na nguvu, na watoto walifungwa kamba na kuuzwa mbali na mama zao. Mapadri walikomboa watoto wengi, wakawalea katika misioni, wakawafundisha dini na kazi za mikono. Walipokuwa watu wazima waliwaozesha, wakawapa mashamba karibu na misioni. Ndivyo vilivyoanza vijiji vya wakristu katika inchi yetu.

Tusilisahau jambo hili. Sokoni mtoto yule alikuwa na bei tu. Mapadri walimtazama wakaona ndugu yake Kristu. Macho yale yalikuwa macho ya Injili, na wengi wao walikufa wangali vijana, kwa homa, mbali na kwao.

Lakini historia ya kweli haifichi upande wa pili. Mara nyingi kijiji cha wakristu kilikuwa kama kisiwa. Ndani, sala na saa na kengele, nje, wapagani. Mungu alikuwa ndani ya boma, giza lilikuwa nje: hivyo ndivyo wengi wa wakati ule walivyofikiri. Mzee aliyelia mtoto wake aliyeibwa, mama Mbwari aliyempa mgeni maji, wazee waliokaa barazani kupatanisha jamaa mbili zenye damu kati yao, hawa wote hawakuhesabiwa kama watu ambao Mungu alikwisha kuwatembelea.

Mwaka 1893 misioni ya Kibanga iliachwa. Mapadri na wakristu wao walihama kwenda kusini, Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, karibu na Moba. Wabembe na Wabwari walibaki. Je, Mungu naye alihama? Kama tungesema ndiyo, tungemfanya Mungu kuwa mzigo wa msafara. Alibaki. Alibaki miaka mingi bila kanisa la matofali, akiwalinda wale ambao siku moja wangetoa wakristu, wakatekista na mapadri.

II. Baba na mwana

Kati ya watu waliokuja na Mapadri Weupe mwaka 1880 alikuwa askari mmoja Mfaransa, Kapitani Joubert. Mbele ya hapo alikuwa askari wa Baba Mtakatifu kule Roma. Katika ziwa letu alizilinda misioni na wakimbizi kwa bunduki, kwani wakamata watumwa hawakuogopa rozari. Lakini yeye hakubaki mgeni. Alimwoa mwanamke mkristu wa huku, Agnes Atakaye, akakaa Saint-Louis ya Murumbi, akalima, akatibu wagonjwa, akazeeka. Alikufa mwaka 1927, na kaburi lake liko kwetu.

Mtoto wao Albert alizaliwa mwaka 1908. Alisoma Lusaka na katika Seminari Kubwa ya Baudouinville. Ni Baudouinville pale pale palipomtoa Abbé Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri, tarehe 21 Julai 1917. Albert Joubert naye akawa padri. Alikuwa na damu ya Ulaya na damu ya Afrika, na katika wakati wa ukoloni mtu wa namna hii alipata shida pande zote mbili: kwa Wazungu hakuwa Mzungu kamili, na wengine wa kwetu walimwita mtoto wa Mzungu. Alifanya kazi yake ya upadri miaka mingi, na mwisho wake akawa Fizi, katika milima ya Wabembe.

Tazameni mwendo wa jamaa hii. Baba alisimama mlangoni pa misioni na bunduki mkononi, sababu aliona watu wanaopaswa kulindwa. Mwana alikaa nyuma ya mlango wa misioni bila silaha yo yote, sababu watu wale walikuwa watu wake. Wote wawili walipenda. Lakini katikati ya baba na mwana kuna njia ndefu ambayo Eklezya yenyewe ilipaswa kuitembea: kutoka kulinda watu hata kuwa mmoja wao.

III. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964

Wamisionari Wasaveri, shirika lililoanzishwa na Askofu Guido Maria Conforti katika mji wa Parma mwaka 1895, walifika Kongo mwaka 1958. Jimbo la Uvira lilianzishwa mwaka 1962, na askofu wake wa kwanza alikuwa Msaveri, Danilo Catarzi. Miaka miwili tu baadaye uasi wa Simba ukawaka. Uvira ilianguka katika mwezi wa Mei 1964, na inchi yote ya Fizi ikaingia mikononi mwa waasi. Askofu na wamisionari waliokuwa Uvira walishikwa kama mateka. Waliokolewa katika mwezi wa Oktoba. Baraka na Fizi zilibaki chini ya Simba.

Baraka walikaa Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, na Furere Vittorio Faccin, mwenye miaka 30. Fizi walikaa Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, pamoja na Abbé Albert Joubert, mwenye miaka 56.

Siku ile ya Jumamosi ilikuwa mkesha wa Dominika ya kwanza ya Majilio. Padri Carrara alikuwa kanisani akiungamisha wakristu. Gari la Simba likafika likiwa na mkubwa wao. Furere Faccin akatoka kuwapokea, wakamwua kwa risasi mbele ya kanisa. Padri Carrara akaitwa kutoka kwenye maungamo. Akaona mwenzake amelala chini katika damu. Walipomwamuru apande garini alikataa, akaomba kufa pale pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti, naye akauawa. Jioni ile ile gari likapanda milima hata Fizi. Huko Padri Didonè na Abbé Joubert wakauawa nyumbani mwao, katika misioni.

Ndugu zangu, tufikiri juu ya kiti kile cha maungamo. Katika mimbari padri anasema na watu wanasikia. Katika maungamo watu wanasema na padri anasikia. Mama wa Baraka anakuja, anasema dhambi zake kwa maneno yake, na padri anainamisha sikio. Kazi ya padri pale ni kushuhudia neema ambayo imekwisha kuanza. Kwani nani aliyemsukuma mama yule kutoka nyumbani kwake, katika siku za vita, apite mbele ya watu wenye bunduki aende kuungama? Padri hakumsukuma. Mungu alikuwa amefika katika moyo wake mbele ya padri. Padri Carrara alikutwa na mauti mahali pale ambapo mtumishi anajifunza kila siku kwamba Bwana wake amemtangulia.

Juma moja tu mbele ya hapo, tarehe 21 Novemba 1964, Papa Paulo wa Sita pamoja na maaskofu wa Mtaguso walikuwa wametangaza hati kubwa juu ya Eklezya. Katika hati ile sura juu ya Taifa la Mungu imewekwa mbele ya sura juu ya maaskofu na mapadri. Kisha, tarehe 7 Desemba 1965, hati juu ya misioni ilifundisha kwamba katika desturi za mataifa kuna mbegu za Neno zilizofichika, na mmisionari anapaswa kuzitafuta kwa furaha na heshima. Sifikiri kwamba hati ya kwanza ilikuwa imefika Fizi siku ile ya mauaji. Lakini wanaume wanne walikuwa wamekwisha kuiandika kwa kukaa kwao.

Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri. Ilikuwa imepita karibu miaka sitini toka kufa kwao. Ni nani waliotunza habari zao muda huo wote? Ni wakristu wa Baraka na Fizi, waliokuwa pale, walioona na kusikia, wakahadithia watoto wao katikati ya vita na kukimbia. Wamisionari walikuja kuwashuhudia watu juu ya Kristu. Mwishoni ni watu waliowashuhudia wamisionari mbele ya Eklezya.

IV. Mtu aliyeitwa Tatu

Katika mwezi wa Aprili 1965 mtu mwingine alivuka ziwa toka Kigoma. Alikuwa Ernesto Che Guevara, na wenzake Wakuba walimwita kwa jina la Kiswahili, Tatu. Hakuamini Mungu, alikuja kutumikia watu kwa njia ya mapinduzi. Alikuwa mganga pia, akatibu wagonjwa wa vijiji. Alikaa katika milima ile miezi saba, akaondoka katika Novemba 1965 akiwa ameshindwa kabisa, na yeye mwenyewe alikiri kushindwa huko katika maandiko yake.

Tusimcheke. Aliacha cheo na nyumba, akakubali njaa na homa. Lakini alikuwa amekuja na kipimo chake. Alitafuta askari wa mapinduzi kama alivyowajua katika vitabu na katika vita vya Kuba. Akakuta watu wenye wazee wao, hofu zao, dawa zao za vita na mashamba yao. Kila walipokosa kulingana na kipimo aliona upungufu. Je, sisi hatufanyi hivyo? Padri anakuja na mpango wa parokia ulioandikwa mbali. Watu wasipoufwata anasema: hawa ni wagumu, hawana imani. Kipimo chaweza kuwa kitakatifu, nacho kikamficha Mungu machoni petu.

V. Na walioua je?

Msomaji mwenye akili ataniuliza: wewe unasema Mungu yuko katika watu wa Fizi. Na Simba waliofanya mauaji, hawakuwa watu? Wengine walikuwa wamesoma katika shule za misioni. Mungu alikuwa wapi ndani yao?

Swali hili halifai kukimbiwa. Kumtambua Mungu ndani ya watu si kusema kwamba watu wote ni wema. Fundisho letu ni hili: kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, na dhambi inaichafua sura ile, haiifuti. Vijana wale walikuwa wameahidiwa mengi katika uhuru wa 1960, na katika 1964 hawakuona shule, kazi wala mshahara. Waliambiwa kwamba maji ya dawa yatageuza risasi kuwa matone. Haya yanaeleza kosa, hayaliondoi. Aliyeua ameua. Lakini padri anayemtazama mtoto wa Simba na kuona mnyama tu, amekubali jina lile la simba zaidi ya jina la ubatizo.

Angalieni pia: siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba 1964, kule Isiro, mtawa kijana Anuarite aliuawa na mkubwa mwingine wa Simba, naye alimsamehe kabla ya kufa. Kusamehe hakuwezekani kama huoni mtu mbele yako. Wafia dini wetu waliona mtu hata nyuma ya bunduki.

VI. Siku zetu

Baada ya 1964 inchi ya Fizi haikupumzika. Vita vya 1996 viliwatupa watu wengi ng'ambo ya ziwa, na katika mwaka ule kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika mkoa wa Kigoma. Mwisho wa Desemba 1998 watu mamia waliuawa Makobola. Tangu 2005 wakimbizi walirudi kwa meli, wakashuka katika bandari ya Baraka wakikuta nyumba zimeanguka na mashamba yamekuwa pori. Ndipo mwaka 2015 Warundi wakaanza kukimbia kwao. Kambi ya Lusenda ilifunguliwa katika teritwari ya Fizi, na wengi walipokelewa kwanza katika nyumba za watu. Wale waliokuwa wageni juzi wakawa wenyeji leo. Wazee wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nani aliwafundisha watu hawa kumega muhogo kidogo waliokuwa nao? Mwenye kutaka kujua mahali Mungu anapokaa Fizi, aanze hapo.

Lakini kuna swali gumu zaidi, nalo ni letu. Juu katika milima ya Itombwe na Minembwe damu imemwagika kati ya ndugu: Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu, Wanyamulenge. Kila kabila lina makaburi yake na hesabu zake. Siku hizi mtu wa mbali hatuletei tena ugonjwa wa kumwona mwenyeji kama mtupu, tunao wenyewe. Katekista Mbembe anaona kwa urahisi Mungu katika mgonjwa Mbembe. Padri Mnyamulenge anaona kwa urahisi Kristu katika mkimbizi wa kwao. Je, kila mmoja anamwona pia katika mtoto wa yule aliyechoma kijiji chake? Hapo ndipo tutajua kama tunamtambua Mungu au kama tunatambua damu yetu tu.

VII. Tufanye nini?

Wengine watasema: kama Mungu amekwisha kufika, kwa nini tutumwe? Kitabu cha Matendo ya Mitume kinajibu. Petro alikwenda kwa Kornelio, mpagani na askari, akiwa na mashaka moyoni. Alikuwa angali anasema, Roho Mtakatifu akawashukia wenye nyumba. Wenzake waliokuja naye walishangaa, lakini Petro hakurudi nyumbani akisema kazi haipo. Aliagiza wabatizwe, akakaa nao siku kadhaa. Ndiyo kazi yetu: kumtambua aliyetangulia, kumtaja kwa jina lake Yezu Kristu, kuwapa watu sakramenti zake, na kukaa nao.

Kwa hiyo ninawapa wenzangu mashauri matatu. La kwanza: jifunzeni lugha ya watu. Kiswahili kinatosha sokoni. Lakini mama Mbembe analia kwa Kibembe, na anayetaka kusikia sala yake ya kweli ajifunze Kibembe. La pili: kubalini kupokea. Padri anayetoa tu na hapokei anajifanya mungu mdogo. Yezu mwenyewe aliomba maji kwa mwanamke Msamaria. La tatu: mbele ya kuuliza watu wa kijiji wanakosa nini, ulizeni wanaishi kwa nini, katika vita na njaa ni kitu gani kimewashika wasife moyo. Jibu watakalotoa ni mwanzo wa katekesimu yenu.

Kila mwaka, tarehe 28 Novemba, tunawakumbuka Wenyeheri wanne wa Baraka na Fizi. Siku ile tusiwaombe tu watuombee. Tuwaombe pia watufundishe kuinamisha sikio kama Padri Carrara katika maungamo, mpaka sauti ya Bwana itoke katika kinywa cha mtu tuliyetumwa kumhudumia.